Vifundo vya Profesa

Asubuhi hiyo Mama Miche alikuwa anamwagilia trei zake nyuma ya nyumba. Zilikuwa trei arobaini, miche ya nyanya tupu. Jumamosi wanawake thelathini wa kikundi chake wangekuja kuichukua, kila mmoja akapande kwake. Mche ukitoka mkononi mwa Mama Miche, watu hawaulizi mara mbili.

Mara mumewe akaja mbio kutoka bustanini. Kofia mkono mmoja, mnyanya mzima mkono wa pili, udongo unamdondoka miguuni. Mtaani walimwita Profesa, kwa sababu hakuna semina iliyompita. Akihudhuria siku moja, anafundisha mwaka mzima.

"Mke wangu, Mungu ametuona!" alisema huku anahema. "Tazama mizizi. Vifundo! Vifundo tele!"

"Vifundo vya nini?"

"Semina ya maharage walisema nini? Maharage yenye vifundo kwenye mizizi yanajitengenezea mbolea. Sasa na nyanya zetu zimeanza!"

Mama Miche aliuchukua mnyanya ule. Mizizi ilikuwa na manundu kama tangawizi. Lakini majani yalikuwa ya njano, na nyanya zenyewe ndogo kama gololi.

"Mbona huku juu umekonda hivi?"

"Nguvu zote ziko chini. Subiri uone."

"Jana mchana ilinyauka yote, na maji niliipa kwa mkono wangu."

"Wewe naye kwa mashaka!" Profesa alicheka. "Mimi juzi nimekufanyia jambo. Nimechota udongo wa chini ya minyanya hii, ndoo mbili. Kila trei yako nimeiwekea kiganja kimoja. Zote arobaini!"

Mama Miche hakucheka. Alipiga picha ya mizizi kwa simu, akamtumia mdogo wake, anayefanya kazi kwenye maabara ya mimea. Simu ikaita hapo hapo.

"Dada, usitoe hata mche mmoja! Kesho naja."

Kesho yake mdogo mtu akafika na mkoba, kisu kidogo na kioo cha kukuza.

"Shemeji, nasikia umefungua kiwanda cha mbolea."

"Karibu, shemeji. Kaa nikufundishe."

"Nitakaa. Kwanza niletee na mche wa maharage."

Akaiweka mizizi miwili mezani, wa maharage na wa nyanya.

"Kwangua kifundo cha maharage kwa ukucha."

Profesa akakwangua. Kifundo kikatoka chote, kikaanguka mezani. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi.

"Hicho ni rafiki. Sasa kwangua cha nyanya."

Profesa akakwangua. Akakwangua tena, ulimi nje. Mzizi ukakatika, kifundo bado kipo.

"Hakitoki!"

"Hakiwezi kutoka. Hakikubandikwa pale. Ni mzizi wenyewe umevimba."

Akakipasua kwa kisu, akamkabidhi dada yake kioo. Mama Miche aliona kitone cheupe kimejibana ndani, kinang'aa.

"Mama yangu! Ni nini hiki?"

"Mnyoo fundo. Huyo jike. Anataga mayai mamia, na watoto wake wanasambaa kwenye udongo."

"Na mzizi unamwangalia tu?"

"Unamlisha, dada! Hapo ndipo penye maajabu." Mdogo mtu aliinuka kitini, hakuweza kukaa. "Kila kiumbe kina jeni. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya mwili: jenga hiki, acha kile. Mnyoo huyu ana mdomo kama sindano. Anauchoma mzizi, anatema mate. Mate yale yanawasha na kuzima jeni za mnyanya. Mnyanya unaanza kutii maagizo ya mnyoo. Unamjengea jiko, unampikia, unampakulia. Wewe unamwagilia, yeye anakula."

"Mwizi huyo!" Profesa aliruka. "Mwizi anayemwamrisha mwenye nyumba!"

Akageuka kutazama trei arobaini.

"Na kule?" Mama Miche aliuliza polepole.

"Kote mmepeleka wageni, dada. Mkigawa miche hii, mnawapelekea minyoo watu thelathini. Ikiingia shambani, kuitoa ni kazi ya miaka."

Mama Miche alipapasa majani ya mche mmoja. Wiki tano za kazi! Profesa alisogea, akanong'ona, "Lakini juu ni mizuri. Kijani kabisa. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Mama Miche.

Siku hiyo hiyo waliing'oa yote, wakaichoma. Jumamosi wanawake walipofika na vikapu, Profesa alisimama mbele yao mwenyewe. "Kosa ni langu," alisema. "Mke wangu hahusiki." Wengine walinuna, wengine walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyeondoka na mche.

Mdogo mtu alikuwa ameondoka na mizizi. Wiki iliyofuata alipiga simu, sauti iko juu.

"Dada, tumemjua! Tumetoa jeni za mnyoo wako, tukazinakili kwa mashine mara nyingi mpaka alama yake ikaonekana. Minyoo hii ina aina nyingi. Wako ni aina inayoshindwa na nyanya yenye jeni ya kinga!"

"Inashindwaje?"

"Jeni ile inamtambua akianza tu. Seli alizozigusa zinakufa papo hapo. Mnyoo anakuta jiko limefungwa, anakufa njaa!"

Profesa, aliyebandika sikio kwenye simu, akapiga kelele za furaha.

"Taratibu, shemeji. Udongo ukipata joto kali, kinga inalegea. Funikeni kwa nyasi. Msipande nyanya palepale kila msimu. Jembe lioshwe. Na udongo wa trei upigwe mvuke kwanza."

Profesa akatafuta pipa. Akaweka maji chini, wavu juu yake, udongo juu ya wavu, akawasha moto. Alipika udongo siku tatu, jasho linamtiririka. Mama Miche akasia mbegu mpya zenye kinga. Safari hii wanawake walibeba miche.

Miezi mitatu ikapita. Nyanya ziliiva nyekundu, zinainamisha matawi. Kikundi kizima kikaja kuona. Mama Miche alishika mnyanya uliojaa kuliko yote.

"Usiung'oe huo!" Profesa alilia.

Akaung'oa. Akakung'uta udongo. Mizizi ilikuwa mirefu, myeupe, haina kifundo hata kimoja. Vigelegele vikapasuka! Profesa alimkumbatia mkewe mbele za watu, na nyanya zikawapondekea nguoni.

Tangu siku hiyo, mtaani kwetu ukimpa mtu mche haangalii majani. Anaugeuza kwanza aone mizizi. Na Profesa amefuga ukucha mmoja wa kidole gumba. Ukimuuliza, anasema huo ni wa kazi.