Viatu Vilivyolika kwa Ndani

Kiatu hulika kwa chini. Hilo halihitaji elimu. Mtu anatembea, ardhi inakula soli, soli ikiisha anampelekea fundi, na fundi naye anapata kula. Ndiyo maana fundi viatu mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, alipopindua viatu alivyoachiwa na mgeni wake alibaki ameduwaa, msharasi wa kutobolea ngozi umeganda mkononi. Soli zilikuwa mpya, hazina hata mkwaruzo. Lakini ndani, pale unyayo unapolala, ngozi ilikuwa imelika mpaka nyuzi zikaonekana, kama vile kuna kitu kimekuwa kikiitafuna polepole.

"Huyu anatembelea wapi?" alijisemea, maana hapakuwa na mwingine wa kumsemea.

Mgeni mwenyewe alianza kuja siku nne kabla. Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na mlangoni palikuwa na kigoda. Kigoda hicho kiliwekwa na marehemu mkewe. Alikuwa Mkristo wa aina ile inayowachosha wenzake: hahubiri, anatenda. Aliyepita amechoka alikalishwa, akapewa maji. Mwenye njaa alimegewa kilichokuwepo. Na fundi alinung'unika, akasogea. Mke alipokufa, fundi aliendelea na mtindo huo. Kidogo kwa imani, kidogo kwa mazoea, na sehemu kubwa kwa sababu nyumba yenye kikombe kimoja mezani ina kelele sana. Saa ya ukutani inasikika. Mtu anajisikia akimeza mate.

Mgeni alikuja saa saba mchana, wakati jua limewafukuza watu wote ndani na hata mbwa wa mtaa wamesusia kubweka. Fundi hakusikia hatua. Alisikia tu, "Hodi."

Sauti ilikuwa ya adabu, lakini kavu, haina umri.

"Nimechoka. Naomba kukaa kidogo."

Fundi naye alikuwa amechoka. Alikuwa ameinama tangu alfajiri, mgongo unamwimbia, na mkeka ulikuwa unamwita kutoka chumba cha nyuma. Lakini angekuwa mkewe, angefanyaje? "Karibu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba Mungu ajibiwe "hapana, nilikuwa napita tu."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwalimu au muuza nyama asingelifanya. Fundi viatu hamtazami mtu usoni. Miaka arobaini ya kuinama imemfundisha kuwajua watu kwa nyayo. Muulize mwenyekiti wa mtaa anafananaje, atakwambia, "Yule anayeelemea kisigino cha kulia." Na tangu utotoni, kama sisi sote, alifundishwa na bibi yake kwamba jini utalijua kwa kwato. Basi, mgeni alipovua viatu mlangoni, akatazama chini. Vidole vitano huku, vitano kule, kucha safi, nyayo laini kama za mtoto wa siku tatu. Mtu wa ofisini, akaamua. Akarudi kwenye kazi yake, uso wa mgeni hakuutazama. Mimi sina haki ya kumcheka. Niliwahi kumwamini mwenzangu wa safari siku nne nzima kwa sababu alivaa miwani, na nikashuka bila sanduku.

Maji mgeni hakuyagusa. Alisema yeye anatosheka na mazungumzo.

"Nieleze kuhusu yule kwenye picha," akasema.

Picha ya mkewe ilikuwa ukutani, juu ya rafu ya gundi. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza. Kanisani walimshika mkono wakasema Mungu akutie nguvu, kisha wakaenda kula kwao. Fundi akaweka nyundo chini, akaanza kusimulia jinsi mkewe alivyomfukuza mwizi kwa mwiko wa ugali, mwiko ukavunjika, na mwizi akarudi kesho yake kuomba radhi. Mgeni alisikiliza kama ardhi kavu inavyosikiliza maji. Akacheka, kicheko kikavu kama sauti yake.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Fundi akaanza kunyoa ndevu. Kufikia saa sita alikuwa ameshafagia mlangoni, anatazama mtaa mtupu kama msichana anayesubiri barua. Kila mchana alisimulia: wimbo ambao mke aliuimba akichambua mchele, ugomvi wao wa kitanda kipya, usiku binti yao alipozaliwa. Aliona mambo madogo, hakuyawekea uzito. Kigoda kilinuka, baada ya mgeni kuondoka, kama sanduku la nguo za marehemu lililofunguliwa baada ya miaka. Maji kwenye kikombe yaliingia ukungu. Na kicheko cha mgeni kilikuwa kinalainika siku hadi siku, kinapata kamba nyembamba ya kukwaruza katikati, kamba ambayo fundi aliipenda bila kujua kwa nini.

Siku ya tano mgeni aliacha viatu vitengenezwe, akaenda peku.

Jioni ile, viatu vikiwa bado mezani, binti yake aliyeolewa mbali alipiga simu.

"Baba, leo nimecheka peke yangu jikoni. Nimekumbuka mama na yule mwizi wake."

"Mwizi gani?"

"Baba! Mwizi wa mwiko."

Fundi alingoja hadithi ije, kama mtu anayeingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Si wewe unayeisimulia kila Krismasi mpaka tunakukimbia?" binti akasema, na sauti yake ikashuka. "Baba, unaumwa?"

"Nimechoka tu, mwanangu."

Alikata simu akainua macho ukutani, na hapo palikuwa na picha ya mwanamke mwenye kitambaa kichwani, mwanamke mwenye sura nzuri, mtulivu, na kwa muda wa pumzi tatu au nne, huku saa ikigonga na harufu ya sanduku ikipanda kutoka mlangoni ambako hapakuwa na mtu, fundi alijiuliza kwa upole kabisa, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya wengine, huyu mama ni nani. Kisha akakumbuka.

Asubuhi alimwita shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu. Mama huyu aliongoza kikundi cha maombi na alijulikana kwa mambo mawili, imani na ulimi.

"Shemeji, umekonda kama uzi wako," alisema akiingia. "Na umenyoa! Nani unayemnyolea?"

Fundi alimweleza yote. Shemeji hakucheka. Aliketi, akaanza kumpima kidogo kidogo, kama mganga anayebonyeza tumbo.

"Gauni lake la harusi lilikuwa rangi gani?"

"Sijui."

"Wimbo wake wa mchele?"

"Sijui, shemeji."

"Binti yenu alizaliwa wapi?"

Fundi alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya aproni.

Shemeji aliinua kiatu kimoja cha mgeni, akachungulia ndani, akakirudisha upesi na kujifuta vidole kwenye khanga. "Unayelika ni wewe sasa," alinong'ona. "Nje mzima, ndani nyuzi. Kila unachomsimulia anaondoka nacho. Jini huyo."

"Lakini ana miguu ya mtu!"

"Na wewe una kichwa cha mtu, kimekusaidia nini?"

"Nilifanya wema tu. Mchungaji anasema kuna watu walikaribisha malaika bila kujua."

"Hakusema kila anayebisha ni malaika." Kisha akalainika, akamshika bega. "Umebakiwa na ngapi? Usiniambie ni zipi. Ngapi?"

Fundi alifumba macho, akapapasa gizani mwake muda mrefu.

"Moja."

"Basi leo atakuja kuichukua. Mimi nitakuwa nyuma ya pazia, nitaomba. Lakini kumtoa, utamtoa wewe. Mlango ni wako na neno karibu lilikuwa lako."

Saa saba ilifika na jua lake jeupe. Mbwa walinyamaza, kisha nzi wa dirishani wakanyamaza, kisha saa ya ukutani, ambayo haikuwahi kusimama tangu mazishi, ikasita katikati ya mlio wake kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, na katika kimya hicho fundi alisikia mlangoni, karibu kuliko mlango ulivyokuwa, sauti ikisema, "Hodi, fundi wangu," na haikuwa sauti kavu tena, ilikuwa ya mkewe, pamoja na ule mkwaruzo wake wa kila asubuhi alipoamka ambao yeye alikuwa ameshausahau lakini ngozi ya mikono yake ilikuwa inaukumbuka, maana vinyweleo vilisimama vyote.

Kwa mara ya kwanza akainua macho.

Uso ulikuwa ule wa ukutani. Jicho la kulia lilikuwepo, shavu lake lilikuwepo, nusu ya tabasamu ilikuwepo. Upande wa pili ulikuwa laini na mtupu, kama ngozi ambayo fundi hajaikata bado.

"Unaona palipobaki," ile nusu ya kinywa ilisema kwa upole. "Nipe hiyo moja, nikamilike. Nitakaa hapa kila mchana mpaka ufe. Nitakucheka ukijigonga kidole. Nitakuimbia wa mchele. Ukinifukuza, naondoka na vyote ulivyonipa. Sirudishi kitu."

Nyuma ya pazia shemeji alikuwa ananong'ona sala, anakosea, anaanza upya.

Ukiniuliza mimi, ningempa. Ningempa na kumsogezea kigoda. Mtu anayewacheka wapweke hajala peke yake mwaka mzima. Fundi naye alifungua kinywa ampe. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ila mkono wake, kwa mazoea ya nyumba ile, ulitangulia kumsogezea mgeni maji, na kikombe kikagota kwenye vikombe vya jana, na vya juzi, vyote vimejaa mpaka ukingoni.

Akavitazama.

"Wewe hujachoka," alisema taratibu. "Hukuwahi kuchoka. Umekaa penye nafasi ya mtu aliyechoka kweli."

Ile nusu ya tabasamu ikasimama.

"Kwa jina la Yesu," fundi akasema. Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu hizo. Aliongea kama mtu anayemwamsha abiria aliyefika kituo chake. "Inuka, utoke kwangu."

Kile kiumbe kiliinuka. Kigoda hakikulia, maana hakikuwahi kubeba uzito wowote. Kiumbe kilitoka kikateremka mtaani kwenye jua bila kivuli, kikicheka kile kicheko chenye kamba katikati, na fundi alisimama mlangoni akikisikiliza kikififia, akikifuata kwa sikio nyumba baada ya nyumba. Kilipofika kona, hakujua tena ni kicheko cha nani.

Viatu shemeji alivichoma nyuma ya nyumba. Viliungua bila moshi.

"Na hiyo iliyobaki," aliuliza akikung'uta mikono, "ni ipi?"

"Nikikwambia, si utaondoka nayo?"

"Kwani mimi jini?"

"Sura haziko mbali."

Shemeji alimpiga kofi la mgongo, wakacheka, kisha wakalia.

Baada ya hapo fundi alitia komeo mlangoni. Viatu alivipokea dirishani. Kigoda alikiingiza ndani akakigeuza miguu juu. Jumapili shemeji na binti, kwa simu, walijaribu kumrudishia mkewe: gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, wimbo ulikwenda hivi. Alishukuru. Lakini hadithi hizo zilimfikia kama habari za jirani mwema aliyehama kabla yeye hajafika mtaani. Alianza kulala mapema.

Ikaja siku ya mvua kubwa. Alikuwa ameshona jozi saba, homa inamnyemelea. Saa ilikuwa saba na dakika chache.

"Hodi. Jamani hodi wenyewe. Nimechoka. Naomba kujikinga kidogo."

Sauti ya mwanaume, nyembamba kwa baridi. Fundi alishika pumzi, kama mdaiwa. Nje ile sauti ilikohoa, ikasubiri.

Na katika ile nyumba iliyofagiliwa yote ndani, kitu pekee kilichobaki kikaja chenyewe. Alijiona kijana wa miaka ishirini na mbili, mgeni wa mji, mguu umeoza kwa jeraha, homa inamtikisa. Alikuwa amebisha milango sita. Wa saba ulifunguliwa na msichana aliyetoka kazini muda uleule, bado na ndoo ya maji kichwani, macho mekundu kwa uchovu. Alimtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ule mguu unaonuka. Akashusha ndoo, akashusha pumzi.

"Nimechoka," alisema. "Usidhani nimefurahi kukuona. Ingia."

Kisha akapiga magoti, akamwosha ule mguu.

Ile sauti nje ilikohoa tena, kwa mbali kidogo, kama ya mtu aliyegeuka kuondoka.

Fundi aliondoa komeo. Alikigeuza kigoda, akakiweka mahali pake, na akafungua mlango kwa mtu asiyemjua, aliyelowa chapachapa, na mfuko wa plastiki kichwani.

"Nimechoka," alimwambia. "Usidhani nimefurahi kukuona. Ingia."

Mtu yule aliingia akitiririka maji, akaketi, akatazama huku na huku asijue aanzie wapi. Macho yake yakafika ukutani, kwenye picha.

"Huyu mama ni nani, mzee wangu?"

Fundi alivuta kiti chake, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Leo," akasema, "utasimulia wewe."