Saa ya Kumaliza

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika. Wanachuo, makarani, mzee mmoja na cheti chake cha ndoa, kila mtu anataka ahudumiwe yeye kwanza, na mashine yenyewe ni moja tu. Katikati yao alisimama fundi vioo, ovaroli ya bluu, amekumbatia karatasi kumi za hesabu kama mtu aliyeziiba. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka ghafla, pu! Wakagongana, karatasi zote chini.

"Jamani, pole! Haraka zangu hizi zitaniua siku moja."

Aliinama kuziokota. Gauni la kijani limemkaa sawasawa, viatu vya chini, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Akaiangalia karatasi ya kwanza, akatabasamu. "Kumbe una mtoto kwenye kile kituo cha ghorofa ya pili!"

"Mpwa wangu," fundi alijibu. "Namtolea nakala, afanye mazoezi zaidi."

Uongo mtupu. Nakala zilikuwa zake yeye. Aliacha shule darasa la nne baba yake alipofariki, na sasa ana miaka thelathini na minne. Mpe dirisha, atakata kioo kikae bila pengo hata la unywele. Mwandikie hesabu za sehemu, nusu na theluthi, jasho litamtoka, na herufi zake ni za kitoto. Basi kila mchana, wenzake wakienda kula, yeye alijifungia stoo na penseli. Aliyejua siri hiyo ni mpwa wake peke yake, maana ndiye aliyemwazima kifutio.

"Vizuri," alisema yule mwanamke. "Mimi ndiye mwalimu mpya pale. Nimeanza Jumatatu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chenye meza fupi na rafu za mafaili. Watoto walikuja baada ya shule kujifunza hesabu na lugha, kila mmoja kwa mwendo wake. Wa miaka saba unamkuta kwenye sehemu, wa kumi na mbili bado yuko kwenye kujumlisha, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Mtoto anaanzia pale anapoweza. Akikosea sana, anarudishwa nyuma mpaka mkono uzoee. Juu ya kila karatasi anaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na hapo mwalimu hakuwa na mchezo: karatasi isiyo na saa ya kumaliza haipokelewi, hata ulie.

Mpwa wa fundi alikuwa msichana wa miaka tisa. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika ila akiwa usingizini. Mama yake, dada wa fundi, alikuwa muuguzi wa zamu, hivyo kumpeleka na kumrudisha ilikuwa kazi ya mjomba. Zamani alimwacha mlangoni akaenda zake. Sasa alikaa humo humo, kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika masikioni, kajipulizia manukato.

"Mjomba, unanuka harusi," Chiriku alimwambia mbele za watu.

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Jioni ile akapiga simu.

"Fundi, nauliza tu. Manukato yale ni ya nani?"

"Ya vioo. Vioo vinapenda harufu nzuri."

"Ala! Na mimi ni kioo?"

"Wewe ukivunjika mimi sina pa kununua kingine."

"Toka hapa! Maneno haya umejifunza chuo gani?"

"Chuo cha ufundi," alisema. "Miaka miwili." Uongo wa pili. Mwalimu ana shahada, alijiambia, akijua nimeishia la nne ndiyo basi tena. Alimpenda mwanamke yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na hofu ya kumkosa ikamfunga ulimi.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi moja waliondoka nyumbani mbio, fundi akakusanya karatasi zilizokuwa mezani akazitia kwenye begi la Chiriku. Wiki iliyofuata alimkuta mtoto kituoni na vitabu vya kuzidisha. Kutoka kwenye sehemu, karudishwa nyuma karatasi sitini.

"Mwalimu, umemfanya nini mtoto?" alifoka mlangoni, wazazi wengine wanasikiliza.

"Mimi sijamfanya kitu. Kakosa nane kati ya kumi. Karatasi zake ndizo zilizosema."

"Mtoto wangu si mjinga!"

"Nani kasema mjinga? Kurudi nyuma si adhabu, Fundi. Nilidhani wewe unanielewa."

"Basi hatuji tena." Akamshika Chiriku mkono, wakashuka ngazi.

Njia nzima Chiriku hakutamka neno, na hilo ndilo lililomtisha mjomba wake. Walipofika nyumbani akachuchumaa mbele yake. "Mama, sema. Una nini?"

"Zile karatasi zilikuwa zako," Chiriku alisema taratibu. "Nilizijua."

"Na hukumwambia mwalimu?"

"Niliogopa atakucheka."

Fundi alikaa sakafuni, akalia bila kujificha. Mtoto wa miaka tisa kabeba aibu yake siku saba, na yeye kaenda kumfokea mtu asiye na kosa! Simu ikaita, jina la mwalimu. Hakupokea. Ikaita kesho yake, na keshokutwa. Ya nne haikuja.

Jumatatu alipanda ngazi akiwa na ovaroli yake, bila manukato. Wazazi walikuwa wamejaa. Akaona akingoja watoke hatasema kamwe.

"Mwalimu, zile karatasi ni zangu. Mimi nimeishia darasa la nne. Chuo sikwenda. Nakala zile nilikuwa nazifanya mimi, stoo. Mrudishie mtoto nafasi yake."

Mwalimu akavaa miwani.

"Kosa la hesabu linafutika kwa kifutio," alisema. "Na hili la kunidanganya mimi, nilifute na nini? Unafikiri ningekupima kwa vyeti?"

"Ndiyo. Nilifikiri hivyo. Nilikosea."

"Msamehe, mwalimu," mama mmoja aliropoka. "Wangu mimi hajawahi kukiri hata kumaliza sukari."

Mwalimu alijikaza asicheke, ikashindikana. Akavuta kiti kidogo, akatoa moja ya zile karatasi. "Kaa. Nusu ya kioo na theluthi ya kioo. Ukiviunganisha, unapata kikubwa kuliko ile nusu, au kidogo?"

"Kikubwa."

"Hapa umeandika mbili juu ya tano. Hiyo haifiki hata nusu."

Fundi aliitazama karatasi kwa muda. "Kwa hiyo nimeongeza kioo, kikapungua."

"Eeh."

"Hasara kubwa hii," alisema, wakacheka wote wawili. Chiriku akarudi kwenye sehemu na mdomo wake ukarudi kazini. Fundi akapewa faili lake, akaanzia karatasi za darasa la tatu, pale alipoweza.

Ilimchukua miezi minane. Siku ya karatasi ya mwisho ya sehemu aliipeleka mezani mwenyewe, kavaa shati jeupe la mikono mirefu. Hesabu kumi, zote sahihi. Chini yake, kwa herufi zile zile za kitoto, aliandika: Mwalimu, nakuomba unioe au nikuoe, vyovyote utakavyopanga wewe.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Akapandisha macho juu ya karatasi. Saa ya kuanza: kumi na dakika tano. Saa ya kumaliza: hakuna kitu.

"Fundi, hapa hujajaza."

"Najua. Hii sitaki iishe."

"Mjomba, itarudishwa hiyo!" Chiriku alipiga kelele kutoka meza ya nyuma.

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaandika mia, akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wake.

"Hii," alisema, machozi yanamtoka, "naipokea hivyo hivyo."