Kitabu Kimoja, Wagonjwa Wawili

Nyumbani kwa Mukhisa, huko Saboti, hakuna kitu kinachotupwa kama bado kina nafasi. Mkebe wa mafuta unapima mahindi. Gunia kuukuu linalaliwa na kuku. Na kitabu cha kliniki, kile cha mistari ambacho mgonjwa huenda nacho kwa daktari, kilikuwa kimoja kwa watu wawili.

Phelista, mke wa Mukhisa, aliandikiwa kuanzia mbele. Mama mkwe wake, Kukhu Rispah, yaani Nyanya Rispah, ana ugonjwa wa sukari. Yeye aliandikiwa kuanzia nyuma, kitabu kikiwa kimegeuzwa. Kwenye jalada waliandika FAMILIA YA MUKHISA, basi.

"Karatasi za nyuma zikae bure kwa nini?" Kukhu alikuwa akisema. "Tutakutana huko katikati."

Jumatatu moja Phelista alikwenda kliniki mjini Kitale. Mgongo ulimsumbua. Alimkuta Daktari Huzaifa, kijana wa Bungoma mjini. Huzaifa ni daktari tayari, ila bado anasomea udaktari wa familia chini ya mkubwa wake. Foleni ilikuwa imefika nje. Huzaifa alifungua kitabu kwa upande wa nyuma. Akasoma kwamba mgonjwa ana sukari.

"Mama, dawa zako zimeisha?"

"Zimeisha," akajibu Phelista. Yeye aliwaza zile za mgongo.

Huzaifa akaandika vidonge vya kushusha sukari. Hakuuliza jina. Hakupima damu. Phelista naye hakuuliza dawa ni ya nini. Mama zetu walifunzwa kunyamaza mbele ya koti jeupe, na waliowafunza hawajaomba radhi mpaka leo.

Siku ya pili Phelista alimeza kidonge alfajiri. Akaenda Bungoma bila kula kitu, kumsaidia dada yake Nasimiyu kuuza vitunguu sokoni. Kitabu alikiacha nyumbani. Kukhu Rispah akakichukua, akaenda nacho kliniki.

Huzaifa alikifungua. Akaona mwandiko wa jana. Ulikuwa wake.

"Kukhu, ulikuja hapa jana?"

"Jana nilikuwa napalilia maharagwe. Aliyekuja ni mke wa kijana wangu. Na yeye hana sukari. Ana mdomo tu."

Huzaifa akasoma tena alichoandika. Dawa hiyo, kwa mtu asiye na ugonjwa wa sukari, inaweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi. Mtu anaweza kuzimia. Anaweza kufa.

Kizito, karani wa kliniki, alikuwa amesikia. Akamvuta kando.

"Daktari, rarua hiyo karatasi. Andika ingine. Hiki kitabu ni cha watu wa shamba, nani atajua?"

"Na nikisema, si masomo yangu yataisha?"

"Ndiyo maana nakuambia urarue, bana."

Huzaifa aliitazama ile karatasi. Kisha akashika kitabu chote, akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake, Daktari Lenah. Akamwambia yote bila kupunguza.

Daktari Lenah hakupiga kelele. "Mgonjwa kwanza," alisema. "Karatasi baadaye. Yuko wapi?"

Walimpigia simu Mukhisa. Mukhisa akawapa namba ya Nasimiyu.

"Ati nani? Daktari?" Nasimiyu alijibu. "Huyu dada yangu anatetemeka. Anatoka jasho kama mtu amebeba gunia. Tena ameuzia mtu mmoja vitunguu mara mbili."

"Anaweza kumeza?" Huzaifa aliuliza.

"Anaweza. Hata kunitusi anaweza."

"Mpe soda ya sukari sasa hivi. Si ile isiyo na sukari. Au chai yenye sukari nyingi. Kisha ale. Halafu umpeleke hospitali, hata akisema amepona. Hiyo dawa hukaa mwilini, sukari inaweza kushuka tena. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbize tu."

Phelista alikunywa soda. Jasho likakauka. Hospitalini Bungoma wakamlaza, wakampima sukari kila baada ya muda mpaka siku iliyofuata. Huzaifa alikuwa amewapigia mapema kuwaeleza ni dawa gani na kiasi gani.

Ndipo Huzaifa na Daktari Lenah wakarudi kwa ile karatasi. Huzaifa alipiga mstari mmoja juu ya maneno ya Jumatatu. Bado yalisomeka. Kando yake akaandika kosa lilikuwa nini, tarehe, saa na jina lake. Kisha akajaza fomu ya kliniki ya kuripoti makosa. Akawaarifu pia watu wa bima yake ya udaktari, ile inayolipa daktari akidaiwa fidia.

"Kukosea ni jambo la kuelezwa na kurekebishwa," Daktari Lenah alimwambia, na Kizito akisikia. "Kurarua ni kuficha. Udaktari wa watu wengi umeisha kwa kuficha."

Ijumaa madaktari hao wawili walifika Saboti. Phelista alikuwa ameketi mlangoni, mzima. Mukhisa alisimama.

"Bi Phelista, Mzee Mukhisa," Huzaifa alisema, "nilikosea. Nilisoma upande wa Kukhu. Sikuuliza jina, sikupima. Nilikupa dawa ambayo si yako, ikakuumiza. Naomba msamaha."

Miaka mingi nyuma, ndugu yake Mukhisa alikufa baada ya kudungwa sindano.

"Mama yangu aliomba faili ya ndugu yangu," alisema. "Wakamwambia imeliwa na mchwa. Mchwa wa kujua kusoma. Walikula moja tu, zingine zote wakaacha. Sasa wewe umekuja kutufunga mdomo kwa pole?"

"Hapana," alisema Daktari Lenah. Akampa bahasha. "Hii ni nakala ya kila kitu tulichoandika. Ni haki yenu. Mkitaka kulalamika, anzeni na kliniki, au mwende kwa baraza la madaktari. Msamaha wake haufungi mlango huo. Na mimi pia nina lawama. Kliniki yangu ilikubali kitabu cha familia nzima."

Mukhisa alisoma karatasi zote, moja moja, akiwa bado amesimama. Hakuna iliyokosekana. Alipomaliza, aliketi.

"Leo ni mara ya kwanza mimi kusikia daktari akisema, ‘Nilikosea,’" alisema. "Phelista, wewe ndiye ulimeza. Wewe ndiye utasema."

"Nimekusamehe," Phelista alimwambia Huzaifa. "Lakini ningeisikia habari hii kwa mtu mwingine, tungekutana mahali pengine, penye hakimu."

Wiki hiyo kliniki ilibadilisha utaratibu wake. Kila mgonjwa ana kitabu chake, na jina na mwaka wa kuzaliwa juu. Kizito huuliza mlangoni, daktari huuliza tena ndani. Kukhu Rispah alinung'unika kwamba mwaka wake ni siri, kisha akautaja kwa sauti ya foleni nzima kusikia. Huzaifa aliendelea na masomo. Huwafundisha wenzake wapya kwa kosa lake mwenyewe, bila kulipunguza.

Miezi mitatu baadaye Phelista alirudi na kikohozi. Huzaifa alimpima, akaandika, akamsogezea kitabu.

Phelista hakusimama. "Hii ni ya nini? Na kwa nini mimi?"

Huzaifa akamweleza. Wamama wawili kwenye benchi la mlangoni wakasogea ili wasikie.

"Sawa," alisema Phelista. "Sasa nieleze tena, polepole. Na hawa wenzangu wana maswali yao."