Aliyekalia Kiti cha Suyun

Pilipili ya Chengdu ikikataa kuwasha, usinyamaze, uliza kulikoni. Kwa Anselmo, ghorofa ya sita nyuma ya soko la mboga, ilikataa mchana kweupe, siku ya joto kali ambayo hata paka wa jirani walijilaza kwenye ngazi kama matambara. Mama Tang, mama mkwe wake, alikuwa amepika tofu ya nyama ya kusaga, ile inayoelea kwenye mafuta mekundu, akainyunyizia zile punje zinazotia ulimi ganzi. Akaonja. Akaviweka vijiti vyake vya kulia chini taratibu.

"Baba Mian, hebu onja."

Anselmo akaonja. Ilikuwa kama kutafuna pamba.

"Labda pilipili zimezeeka, mama."

"Zimezeeka wapi? Nimezinunua asubuhi hii. Muuzaji mwenyewe alikuwa anazipima huku anapiga chafya."

Mian, mjukuu wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa amemaliza bakuli la pili la wali na macho bado yako kwenye sufuria. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Mama Tang alimtazama mtoto, kisha akakitazama kiti kitupu cha upande wa dirisha, na bakuli lililojazwa chakula mbele yake. Kiti hicho kilikuwa cha Suyun, binti yake, mke wa Anselmo. Maradhi ya damu yalikuwa yamemwondoa majira ya baridi yaliyopita.

Mama Tang hakuishi pale. Alikuwa na chumba chake ng'ambo ya mto na alikuja Jumapili tu kupika, ndiyo maana mambo yalikuwa yamefika mbali bila yeye kujua.

Anselmo alikuwa mtu wa Peru, wa kule milimani kwenye viazi. Alikuja Chengdu kufundisha Kihispania, akaoa, akakaa. Mji ulimlea akaleleka. Aliweza kugombana na muuza samaki kwa lafudhi ya pale pale, kukaa bustanini na chai moja tangu asubuhi hadi jua linapinda, na kutafuna kichwa cha sungura mpaka kwenye taya bila kukunja uso. Jirani zake walimtania kwamba mama yake alimdondosha mbali kwa bahati mbaya. Kitu kimoja tu hakukubali kujifunza, nacho ni namna watu wa pale wanavyowalisha wafu wao.

Maana mwezi wao wa saba ukifika, wanasema wafu wanafunguliwa mlango. Mama Tang, kama wenzake wote, hutoka jioni mpaka kando ya njia panda, huchora duara kwa chaki, humwita marehemu wake kwa jina lake kamili, na ndani ya duara humchomea pesa za karatasi na kumwekea chakula. Kidogo hutupa nje ya duara. Hicho ni cha wale wasio na watu, waliokufa bila wa kuwataja, ili wasinyang'anye cha mwenzao. Mwaka ule alimwambia mkwewe waende pamoja.

"Mke wangu nikamlishe barabarani kama ombaomba?" alisema Anselmo. "Kwetu marehemu wetu anakaribishwa ndani, mezani, kwenye kiti chake."

"Kwenu ni kwenu. Hapa njiani kuna wengi, mwanangu."

Hakumsikiliza. Uchungu humfanya mtu kiziwi. Aliandaa meza, akapika mchuzi wa viazi aliokuwa akiupenda Suyun, akaufungua mlango wa nyumba wazi kabisa, akasema kwa sauti, "Njoo ule, mpenzi. Nyumba ni yako." Jina hakulitaja. Angelitaja ili iweje? Kwake yeye mpenzi alikuwa mmoja tu duniani. Kumbe jioni ile ngazi zilikuwa zimejaa wenye njaa, na kila mmoja wao alikuwa, zamani hizo, mpenzi wa mtu.

Kiti kililia. Hewa ya chumba ikaingiwa na harufu ya udongo mbichi, kama ya kisima kilichofunuliwa. Kisha pakasikika kumeza. Anselmo aliweka mikono usoni akalia kwa furaha.

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa bakuli kila mlo. Anselmo alimsimulia mambo yao ya zamani huku Mian ameketi kando. "Ulikuwa ukipenda kuchovya mkate kwenye mchuzi, mpaka mikono inakuwa myekundu," alisema. Kesho yake, kutoka kwenye kiti, sauti nyembamba ya Suyun ilinong'ona, "Nilikuwa nikipenda kuchovya mkate kwenye mchuzi, mpaka mikono inakuwa myekundu." Mwanamume wa watu alitetemeka kwa raha. Hakutambua kwamba anarudishiwa maneno yake mwenyewe, wala kwamba kitu kile hakijawahi kusema jambo moja ambalo yeye hakulisema kwanza.

Siku chache baadaye ndiyo ikawa Jumapili hiyo ya pilipili. Mama Tang alimvuta mjukuu jikoni, akachuchumaa.

"Mbona umekonda hivi, roho yangu? Baba hakupi chakula?"

"Ananipa, bibi." Mtoto alichungulia mlangoni kwanza. "Lakini yule anakula cha kwangu. Nikimeza, kinapotea hapa," akagusa koo. "Baba anasema ni mama. Nisimseme vibaya."

Mama Tang alisimama, akamwita Anselmo, na wakasemezana kwa kunong'ona, bomba la maji likiwa limefunguliwa ili wasisikike mezani.

"Mtoto anakufa, baba Mian."

"Hospitali wamempima, hana ugonjwa. Na Suyun yuko hapa, mama. Namsikia. Usiniondolee mara ya pili."

"Unamsikia Suyun?" Sauti ya mama ilikatika. "Mwanangu mimi, aliyekuwa anakula ukoko ili huyu apate wali laini? Aliyelala kitandani mgonjwa, kijiko hakiinuki, akasema mpeni Mian kwanza? Suyun gani huyo anayekula kabla ya mtoto wake?"



Mama Tang alichukua bakuli, akalijaza maji, akashika vijiti vitatu na kurudi navyo mezani, karibu na kiti. Alivisimamisha vijiti ndani ya maji kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akawa anavimiminia maji kwa kiganja, akiita wafu mmoja mmoja, maana vijiti husimama vyenyewe anapotajwa yule aliyepo. Alimwita marehemu mume wake, vijiti vikaanguka. Alimwita baba yake, vikaanguka. Kisha akasema, "Tang Suyun, mwanangu, ni wewe?" na Anselmo akaegemea mbele, midomo inacheza, akiviomba vijiti vile visimame, visimame tu mara moja.

Vilianguka vyote, kimoja kikadondoka sakafuni.

Mama Tang alikiokota. Jua lilikuwa bado linawaka dirishani, kutoka uwanjani chini ilisikika muziki wa wale kina mama wanaocheza pamoja kila siku, muuza matunda anatangaza tikiti zake kwa kipaza sauti, mambo yote yako kama kawaida, lakini ndani ya chumba kile harufu ya udongo ilikuwa imepanda mpaka inakaba, na pumzi ilikuwa inasikika kitini, pumzi ya mtu mwenye haraka, na Mian alikuwa ameficha uso kwenye nguo ya bibi yake, na bibi alimimina maji tena akasema polepole, "Wewe usiye na wa kukutaja, uliyeletwa na njaa, ni wewe?" na vijiti vitatu vikasimama wima katikati ya maji, bila kushikwa na mtu, kimya.



"Mimi siwezi kumtoa mgeni wa mtu," alinong'ona Mama Tang, akivikusanya vijiti na kutia wali ndani ya maji yale. "Uliyemkaribisha ni wewe. Mshushe."

Anselmo alilibeba bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kupita kiasi, na katika kila ghorofa lilizidi. Nyuma yake, ngazi baada ya ngazi, nyayo tupu zilimfuata, na sauti ya mke wake ikawa inamsihi karibu na shingo. "Usinitoe, mpenzi. Nyumba ni yangu. Ulisema nyumba ni yangu." Alisimama. Miezi yote ile alikuwa hajasikia sauti nyingine iliyomwita mpenzi, na hapo angegeuka, wallahi angegeuka, kama asingesikia kutoka juu kikohozi chembamba cha Mian. Akaendelea kushuka huku analia.

Njia panda, mbele ya kibanda cha tikiti, alimwaga maji na wali kwenye lami.

"Wewe si Suyun," alisema. "Nimekulisha kwa mapenzi ya mtu mwingine. Nisamehe. Kula, kisha nenda."

Kilichomjibu hakikuwa tena na sauti ya mke wake. Ilikuwa sauti kavu, ya kizee, huwezi kujua ni ya mwanamume au ya mwanamke. Ilisema, "Hakuna mwingine aliyewahi kunipikia." Muuza tikiti alishika mikono yake ghafla kama mwenye baridi, akatazama huku na huku. Wali pale chini ulikuwa umebaki mweupe na mkavu, mithili ya chokaa.

Jioni Mian alikula tambi za pilipili na yai, akatokwa jasho, akaomba nyongeza, akasinzia na kijiko mkononi. Mama Tang alimbeba akamlaza. Alimkuta Anselmo amekaa sakafuni, amekikabili kile kiti.

"Kwa hiyo hakuja kabisa, mama. Miezi yote hii namngojea, na hakuja."

Mama Tang alikaa chini karibu naye, kwa taabu, magoti yakilia.

"Alikuja."

Anselmo aligeuka.

"Alinijia ndotoni, siku ile ile uliyofungua mlango. Akasema, mama, nimepanda ngazi mpaka kwangu, nimekuta mtu kwenye kiti changu, na mume wangu anamlisha. Nikaamka, nikasema ni uchungu wa mzazi tu, nikanyamaza. Nami nina kosa langu."

"Alikasirika?"

"Hapana."

"Aliuliza ni nani huyo?"

"Hakuuliza, mwanangu," alisema Mama Tang, na sasa naye machozi yakamtoka. "Aliuliza kama Mian amekula."