Kisima Kilichokosa Wagonjwa

Maiti ilikuwa sakafuni, imefunikwa shuka. Ndoo ya matapishi bado ipo pembeni. Mwanamke, kijana tu. Kuhara usiku kucha, asubuhi kwisha.

"Ni nani yako huyu?" Inspekta akauliza.

"Mdogo wangu," akajibu mwenyekiti wa kikundi cha maji, macho mekundu. "Mimi nakaa nyumba ya pili hapo."

Mtaa mzima unaharisha. Wote wanachota kisima kimoja, na bwana afya alishaleta jibu la maabara: kinyesi. Tena kwa wingi ule, si cha kuvuja. Kimemwagwa!

Inspekta akaenda kukikagua. Kifuniko cha chuma, kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Funguo mbili tu: mmoja wa mwenyekiti, mwingine wa mweka hazina.

Akaenda kwa mweka hazina. Huyo kajikunja kitandani, watoto wake hoi pembeni.

"Afande, nimwage mavi halafu ninywe mwenyewe? Nina wazimu?"

"Nani hajaugua mtaa huu?"

Mke wake akadakia: "Kwa mwenyekiti! Tangu juzi anachemsha maji, sufuria hili hapa! Nikamtania, shoga, kuna mzazi humo ndani?"

Inspekta akarudi msibani mbio. Wanawake walishaanza kujaa. Akamvuta mwenyekiti chumba cha nyuma.

"Dada, kwako mnachemsha maji ya kunywa?"

"Siku hizi."

"Tangu lini?"

Mwenyekiti akavuta kanga usoni.

"Mbona mdogo wako hukumwambia achemshe?"

Hapo ndipo alipovunjika. Akakaa chini, pwaa, kama mzigo.

"Ningemwambia angewaambia wote! Huyu tangu utoto hajui siri. Na wote wakichemsha, nani ataugua?"

"Ulitaka waugue?"

"Kila mwaka tunaomba serikalini ruzuku ya kisima kirefu. Kila mwaka wanaturudisha. Kiangazi tunachota tope, afande, tope! Afisa miradi akaniambia kwa mdomo wake: mama, mtaa wenu hauna wagonjwa, pesa inakwenda kwenye wagonjwa. Nikasema haya, waharishe siku mbili, aje aone. Nikachota chooni, nikamwaga. Waharishe tu! Sikutaka mtu afe."

"Wanawake hapo nje wanasema mdogo wako alikuwa katoka hospitali juzijuzi. Hana nguvu."

"Najua," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemuuguza."

Inspekta akatoa pingu, akamfunga.

Walipotoka nje, gari la serikali likasimama. Afisa miradi akashuka, kitambaa puani, anaulizia kisima kiko wapi. Watu wanamwangalia mwenyekiti, wanaangalia pingu, hawaelewi.

Mwenyekiti akasimama mbele ya afisa. Akamwonyesha kwa kidevu mlango wa mdogo wake, na milango mingine yote.

"Wagonjwa hao," akasema. "Andika."