Picha Ambazo Hazikufika

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Munira alifagia sehemu yake ya darasa haraka haraka, kisha akakimbilia maktaba, walikokutana wanaklabu wa anga wa shule yao ya msingi kule Tegeta. Ukutani walikuwa wamefunga kamba ndefu yenye mafundo. Kila fundo lilikuwa siku moja ya safari ya chombo cha anga kisicho na rubani, kilichokuwa kikiifuata kometi, ile nyota yenye mkia ambayo Mwalimu Demetria aliwaambia si nyota hata kidogo, bali ni donge la barafu na vumbi. Mwalimu alisoma habari kwenye kompyuta yake, na mwanafunzi wa zamu akasogeza kibanio cha nguo hadi fundo lililofuata.

Kamba ile aliifunga Talha, kaka yake Munira, alipokuwa darasa la saba. Yeye ndiye aliyeanzisha klabu, na yeye ndiye aliyeweka sheria: siku isiyo na habari, kibanio kisiguswe.

"Chombo kikinyamaza, na sie tunanyamaza," alizoea kusema.

Sasa Talha alikuwa kidato cha kwanza, lakini kwa wiki tatu hakuwa ameingia darasani. Ugonjwa wa selimundu aliozaliwa nao ulimshika vibaya, akalazwa hospitalini kwa maumivu makali ya mifupa. Watoto waliruhusiwa kuingia wodini Jumapili tu. Kwa hiyo kila alasiri Munira aliandika barua fupi, na mama yao akaipeleka pamoja na chupa ya uji.

"Barua yako anaisoma kwanza, uji baadaye," Mama alimwambia.

Ikafika Alhamisi, siku ya chombo kuipita kometi. Picha zilitarajiwa saa nane mchana. Wanaklabu walibanana mbele ya kompyuta, wengine wakisimama juu ya madawati. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu ikapita.

"Mwalimu, hicho chombo kimekwama foleni ya Mwenge nini?" Nassibu aliuliza, na wote wakacheka.

Saa tisa hakuna aliyecheka tena.

"Tusubiri," Mwalimu Demetria alisema. "Hata wataalamu wenyewe wanasubiri."

Lakini saa tisa na nusu Mama angeondoka kwenda hospitali. Munira alikimbia nyumbani, akachukua karatasi, akakaa nayo kizingitini. Alijua cha kuandika: bado hatujui. Kisha akakumbuka kwamba usiku uliopita Talha hakulala kwa maumivu. Mkono wake ukaandika: "Kaka, picha zimefika! Kometi ina umbo la kiazi kitamu na mkia wake unang'aa kijani. Tumepiga makofi mpaka viganja vikauma."

Jioni Mama alirudi na uso ambao Munira hakuwa ameuona kwa wiki nyingi.

"Amekaa kitandani mwenyewe! Barua amemsomea kila mtu, mpaka manesi. Anasema Jumapili umletee hizo picha."

Munira alisukuma sahani yake pembeni.

Kesho yake Mwalimu Demetria aliwakusanya. Chombo kilipita karibu kabisa na kometi, alisema, lakini kamera ilikuwa imegeukia upande mwingine. Ilipiga picha za giza. Watu waliokitengeneza kwa miaka kumi walikuwa wakilia, na hapo maktaba pia wapo waliolia. Munira alilia kuliko wote, mpaka Mwalimu akamvuta pembeni. Huko Munira akaeleza yote kuhusu barua.

"Habari ya chombo nimewapa mimi," Mwalimu alisema kwa upole. "Habari ya barua utampelekea wewe, mwanangu."

Jumapili Munira aliingia wodini na Mama, na Talha alionekana mdogo kuliko kitanda chake. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa Mzee Fakihi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiye huyu dada yako wa picha?"

Talha alinyoosha mkono. "Lete basi!"

"Hazipo, kaka," Munira alisema. "Hazikufika. Nilibuni."

Talha akageukia ukutani. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilimwambia mpaka daktari," alisema. "Ulinionea huruma?"

"Ndiyo."

"Humu kila mtu ananionea huruma. Wewe nilikuwa nakuamini."

Munira alikaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia ilivyokuwa kweli: kusubiri, ukimya, giza tupu kwenye picha, hata Nassibu kukosa utani. Akamwambia alivyosema Mwalimu, kwamba kifaa kimoja tu cha chombo ndicho kilichofanya kazi, kile cha kuhesabu vumbi. Kiligongwa na chembe mia tatu na kumi na saba.

Talha aligeuka polepole. "Vumbi la kometi yenyewe?"

"Yenyewe."

"Basi kiliigusa," alinong'ona, machozi yakimtiririka. Munira naye akalia, na mara hii walikuwa wakililia kitu kimoja.

Baadaye Talha alijifuta uso. "Babu Fakihi, picha hazipo."

"Afadhali! Kwa mtoto wa jicho niliye naye mie, ningesifia karatasi tu."

Talha alicheka kidogo, maumivu yakamkatisha. Kengele ya kuondoa wageni ilipolia, alimshika Munira mkono. "Kesho niandikie tena. Lakini niandikie ulichokiona."

Nje ya lango, Munira aliuliza, "Mama, kaka atatoka lini?"

Mama alianza kutabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Sijui, mwanangu. Daktari naye hajui bado."

Munira akalia. Mama akamfuta kwa upindo wa khanga.

"Ukimdanganya mgonjwa ili afurahi, unamwacha peke yake," alisema. "Ukweli ukija, hana wa kulia naye. Leo umemwambia kweli na umekaa naye mkalia pamoja. Huko ndiko kumpenda. Nami nilitaka kukudanganya sasa hivi. Kuanzia leo nitakuambia ninachojua, na nisichokijua nitasema sijui."

Wakashikana mikono, wakatembea taratibu kuelekea kituoni, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba Talha atatoka kesho.