Visanduku Vitano vya Wino wa Kijani

"Umemuua mume wangu mara ya pili, wewe mwanamke."

Ndivyo alivyoniambia dada yangu Mavis, kwenye mnada wa keki wa kanisa, mbele ya wakwe zangu, sahani yangu mkononi. Na mji mzima wa Grimsby ukasema, ona jinsi alivyomkasirikia mdogo wake, hata jina lake hataki kulitaja. Basi kaa hapo nikueleze, mjukuu wangu, maana wewe Jumapili unakwenda kwake, na mimi mlango ule siukanyagi.

Shemeji Clifford alikuwa mtu wa fumbo la maneno, lile la kujaza herufi kwenye visanduku. Si lile la watoto. Lile la ukurasa wa nyuma wa gazeti, linalokuuliza hiki kumbe linataka kile, mpaka watu na digrii zao wanalitupa. Yeye alijaza maneno ya kulala, Mavis ya kusimama. Miaka arobaini, kila asubuhi baada ya mayai, meza moja, gazeti moja. Na walikuwa na sheria yao: anayejaza neno la mwisho ndiye anayekwenda kuchemsha chai. Clifford hakushika penseli hata siku moja. Alikuwa na kalamu ya wino wa kijani, na akikwama anaigonga kwenye meno. Ko, ko, ko. Mimi shule niliiacha nikaenda kupasua samaki bandarini, najua kusoma jina langu na namba ya basi, kwa hiyo wakianza mambo yao nilikuwa naosha vyombo.

Akafa palepale kitini, kalamu mkononi, limebaki neno moja. Mavis akasema azikwe na kalamu yake, tukaitia mfukoni mwa koti lake, mimi mwenyewe nikafunga kifungo.

Asubuhi ya mazishi namkuta amelikodolea macho lile gazeti.

"Liache, Mavis. Ni lake hilo."

"Nesta, Clifford hajawahi kuacha kitu nusu. Hatalala vizuri."

"Ilikuwa zamu yake."

"Nimelipata," akasema, na penseli yake akaliandika.

Akainuka kwenda kuchemsha chai. Birika lilikuwa tayari linatokota. Hapakuwa na mtu jikoni. Na pembeni kikombe cha Clifford, ndani maziwa. Maziwa matupu, yanangoja chai.

Sasa nisikilize. Clifford huyo aligombana na baba mkwe wangu siku ya harusi yangu kwa sababu mzee alitanguliza maziwa kikombeni kabla ya chai. Miaka saba hawakusalimiana. Ukoo mzima unajua.

"Umetia wewe?" Mavis akaninong'oneza.

"Mimi nimekaa hapa na kofia kichwani."

"Basi ni yeye. Amerudi."

"Mavis, mwenye kutia maziwa kwanza siye Clifford."

Hakutaka kusikia. Tulipotoka makaburini alipita kununua gazeti, akaliweka mbele ya kile kiti.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Nikija asubuhi namkuta ameketi na gauni la kulalia, miguu yake inatikisika chini ya meza, na maneno ya kulala yamejazwa kwa kijani, wino haujakauka. Panga mito, imepanguka. Sogeza kiti ukutani, kimerudi mezani. Na harufu ya sufu iliyoloa na tumbaku ya kiko, wakati Clifford aliacha kiko zamani, daktari alimkataza.

Halafu ikaanza ile nyingine.

"Nipe hicho," Mavis akaniambia.

"Kipi?"

"Hicho. Unachopaka siagi."

"Mkate?"

Akaniangalia kama nimesema Kifaransa. Kesho yake akasimama dirishani, nje mvua inamwaga, akasema inatoka ile, ile ya maji. Mwanawe akasema ni uzee. Nilikuwa naiona penseli yake, mimi. Kila neno lililoingia kwenye vile visanduku lilimtoka mdomoni na halikurudi. Wiki ya tatu aliongea kwa vidole, na bado asubuhi anakimbilia gazeti, hali, haogi, amebaki mifupa.

Nikamwita kasisi Tindall. Akaja na kitabu chake, mpole, akaketi pale mezani afungue sala. Kosa langu, sikulifunika gazeti. Wasomi hawa ndivyo walivyo, huwezi kumwonyesha mmoja kisanduku kitupu akakiacha. Nikamwona macho yanateremka.

"Mama Nesta, hili moja tu, ni rahisi," akasema, akachukua penseli ya Mavis na kuandika.

"Sala, kasisi."

"Naam, naam." Akafumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni…" Akaenda vizuri mpaka pale pa kuomba riziki. "Utupe leo… utupe leo…" Akafumbua macho. Jasho. "Kile. Kile tunachokula."

Nyuma ya kiti kitupu ikasikika ko, ko, ko.

Kasisi akaondoka, kofia akaisahau.

Nikabaki mimi na dada yangu, saa kumi jioni, taa hatujawasha. Nilimwambia inuka twende kwangu, akatikisa kichwa, akanionyesha gazeti, na ingawa sijui kusoma najua kuhesabu, nikaona vimebaki visanduku vitano tu vya kulala, na ko ko ko ile ikaanza tena, taratibu kama mtu anayewaza, kisha haraka, kisha haraka zaidi, na kiti kikalia kama kinavyolia mtu mzito akiinama mbele, na ile harufu ya sufu ikaja mpaka ulimini, na kwenye kisanduku cha kwanza nikaona mstari wa kijani unajichora wenyewe, hakuna mkono, mstari umesimama, mwingine umelala kimshazari, mwingine umesimama, na mimi herufi hiyo, mjukuu wangu, herufi hiyo naijua, naiandika benki na kwa daktari, na ya pili naijua, na ya tatu, na nilitaka kunyanyua mkono na mkono haukunyanyuka mpaka ya tano ilipokwisha.

Jina langu.

Mavis akainua kichwa akanitazama. Alinitazama vile unavyomtazama msoma mita aliyekosea nyumba.

"Samahani," akaninong'oneza, "wewe ni nani? Nani amekufungulia?"

Jikoni birika likaanza kutokota.

Nililinyakua gazeti nikalitupa kwenye moto wa sebuleni, nikalikandamiza kwa chuma cha kuchochea. Mavis alipiga yowe akanirukia, akanikwaruza hapa, ona. Kiti kikaanguka chali. Halafu kimya, na ile harufu ikatoka kama mtu aliyefungua mlango akaurudisha.

Maneno yalianza kumrudia usiku uleule. Mkate. Mvua. Kikombe. Kasisi naye Jumapili alimaliza sala yake, akalia madhabahuni, watu wakadhani ni Roho. Mavis sasa anakula, ananenepa, anauza keki. Anakumbuka kila kitu, hata rangi ya viatu vya mama. Ana kumbukumbu ya mwanamke fulani aliyeingia kwake akachoma mwandiko wa mwisho wa mume wake.

Nilipozoa majivu asubuhi nilikuta kipande hakijaungua. Visanduku vitano. Kipo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, nimekikaza na kamba. Nilikifungua juzi. Wino bado mbichi.

Kwa hiyo wakikuambia eti dada yangu hataki kulitaja jina langu, wewe nyamaza. Hataki nini? Hana.

Jumapili ukifika, msalimie. Kaa naye, mnywe chai, angalia nani anatia maziwa. Akishatulia mwambie ana mdogo wake, walilala kitanda kimoja, mguu huku kichwa kule, mpaka siku alipoolewa. Mwambie anaitwa Nesta. Lirudie mpaka alishike. Lakini mwambie kwa mdomo, mjukuu wangu. Hata akikupa karatasi, hata akikubembeleza, usimwandikie.